Kukopa Kakuma: Pesa Ileile, Bei Mbili

Muuza duka wa Kakuma anajua bei ya gunia la sukari kwa wauzaji watatu wa jumla kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Muulize bei ya pesa alizokopa kununulia gunia hilo, naye atakutajia asilimia moja tu, ile iliyopakwa rangi ukutani kwa mkopeshaji. Hiyo ni sehemu ya bei inayoonekana. Nyingine imejificha kwenye ada, kwenye muda, kwenye saa za mikutano, na kwa mkimbizi imejificha kwenye kitambulisho.

Biashara hapa si ya kubahatisha. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya, ilianza mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa kando yake mwaka 2016. Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalohusika na sekta binafsi, lilipoichunguza Kakuma kama soko na kutoa ripoti mwaka 2018, lilikuta biashara zaidi ya 2,100 na matumizi ya takriban shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka. Kuna vinyozi, mafundi simu, mikahawa ya Kihabeshi, mama wanaouza samaki wa Turkana na vitenge vya Kongo. Karibu wote wanahitaji kukopa, iwe kujaza rafu, kununua friza au kuvuka mwezi mbaya.

Tuseme tunao wauzaji wawili wenye vibanda vinavyofanana. Mmoja ni mwenyeji, Mturkana mwenye kitambulisho cha taifa. Wa pili ametoka Kivu Kusini na ana kitambulisho cha mkimbizi. Kila mmoja anahitaji shilingi 10,000 za kujaza bidhaa kwa wiki mbili, kisha baadaye 50,000 za kununua friza na kulipa kwa mwaka mzima. Tuwafuate na kikokotoo mkononi.

Kwa zile 10,000 za wiki mbili, mwenyeji ana mlango ambao ni vigumu kuushinda kwa bei. Hustler Fund, mfuko ulioanzishwa na serikali ya Kenya mwishoni mwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku. Siku 14 za shilingi 10,000 zinagharimu kama shilingi 31. Bei hiyo haifiki hata ya soda. Kuna makato ya asilimia 5 yanayopelekwa kwenye akiba ya mkopaji, kwa hiyo mkononi anapata 9,500, lakini ile 500 bado ni mali yake. Akichelewa, riba inapanda hadi asilimia 9.5 kwa mwaka, ambayo pia ni nafuu. Kasoro ya mfuko huu iko kwenye ukubwa wa mkopo: kiwango kinaanzia shilingi 500 na hakipiti 50,000, na hupanda polepole kwa anayelipa vizuri. Mama mboga aliyepewa kikomo cha shilingi 800 hajali kwamba riba ni ndogo. Gunia la viazi halinunuliwi kwa 800.

Hapo ndipo wengi hugeukia simu. Fuliza, ile huduma ya kukamilisha malipo ya M-Pesa salio likipungua, hutoza asilimia 1 mwanzoni, na tangu ada zilipopunguzwa Oktoba 2022 ni shilingi 25 kwa siku kwa deni linalozidi 2,500. Kwa 10,000 za siku 14 ni 100 jumlisha 350, yaani 450, kabla ya ushuru. M-Shwari, huduma nyingine ya mikopo ya simu iliyoanza mwaka 2012, hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, hapo pia kabla ya ushuru. Ni shilingi 750 hata ukirudisha pesa baada ya wiki mbili. Ukitazama mara moja, 750 juu ya 10,000 si mzigo. Tatizo ni kwamba mwenye duka hakopi mara moja. Akifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka, amelipa 9,000 kwa kutumia 10,000 zilezile. Huko ni kununua pesa kwa rejareja, sawa na kununua mafuta ya kupikia kwa kijiko.

Sasa njoo kwa jirani yake. Hustler Fund inataka kitambulisho cha taifa. Mfuko wa Wanawake wa mwaka 2007, unaokopesha vikundi, na Uwezo Fund nayo ni ya Wakenya. Usidhani hii ni choyo ya Kenya peke yake. Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo ni ya raia. Pesa za bei ya chini kabisa mara nyingi hutoka serikalini, na serikali hukopesha watu wake. Sioni aibu katika hilo. Lakini anayelinganisha mikopo lazima aanze kwa kukubali kwamba 31 ya mwenyeji haipo kwenye orodha ya mkimbizi. Orodha yake inaanzia kwenye mamia.

Hata mkopo wa simu una kizingiti chake. Kwa miaka mingi wakimbizi wengi Kenya wametumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki Mkenya, kwa sababu hati zao zilikuwa zikikataliwa au zikichukua muda mrefu kuhakikiwa. Laini hiyo inapokea na kutuma pesa vizuri tu. Ila mashine inayoamua ukope kiasi gani inasoma historia ya jina lililosajiliwa. Ukifanya biashara safi kwa miaka mitano kwenye laini ya mwenzako, umemjengea yeye sifa. Na yeye akikopa kwingine asilipe, akaorodheshwa CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo, wewe ndiye unayenyimwa. Kama kuna gharama moja ninayomshauri mkimbizi mfanyabiashara ailipe kabla ya riba yoyote, ni nauli na siku za foleni za kupata laini kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki yake ya kufanya kazi na biashara, na kibali cha kazi cha Daraja M kwa wakimbizi hakilipiwi. Mambo hayo yako kwenye karatasi. Kaunta ya huduma kwa wateja wakati mwingine bado haijayasikia.

Basi anakopa wapi? Jibu la ukweli ni dukani, kwenye daftari. Mkopeshaji mkubwa wa kambi ni muuza chakula. Unachukua unga leo, unalipa msaada ukiingia. Daftari halina riba, na ndiyo maana watu huliona ni bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia familia za Kalobeyei walikuta nyingi zina deni dukani, na kadi ya benki au laini ya msaada imeshikwa na mwenye duka kama rehani. Fikiria maana yake. Aliyeshikiwa kadi hawezi kwenda duka la pili hata kama mchele huko umeshuka shilingi 20 kwa kilo. Riba imo ndani ya bei ya mchele, haina asilimia wala tarehe ya mwisho. Upande wa pili wa kaunta hali nayo si nzuri: mwenye duka amenunua bidhaa kwa pesa ya kukopa, na faida yake yote imelala ndani ya daftari. Mgao wa chakula ulipokatwa sana mwaka 2025, wateja walikosa cha kulipia na maduka yakabaki na kurasa. Anayekopa ili aweke mtaji kwenye daftari la wenzake ajue kwamba marejesho yake yanategemea uamuzi wa wafadhili walioko mbali, watu asioweza kuwapigia simu.

Mzunguko wa marafiki ni nafuu kuliko daftari. Wakenya huuita chama, Wakongo likelemba, Wahabeshi iqub, Wasomali hagbad au ayuuto, na ndani ya Kakuma yote inaendeshwa umbali wa mitaa michache. Watu kumi wakitoa 1,000 kila wiki, kila wiki mmoja anaondoka na 10,000. Riba ni sifuri. Gharama ni zamu: aliye wa kwanza amekopeshwa bure na wenzake tisa, aliye wa kumi amewakopesha wote. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekualika halihusu kiasi. Muulize unakuwa wa ngapi, na mkimbizi anayesubiri kuhamishiwa nchi ya tatu amewekwa wapi kwenye foleni. Vyama vyenye busara humpa zamu ya mwisho yule ambaye ndege yake inaweza kuja wakati wowote, na hakuna anayenuna.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya kisanduku chenye kufuli tatu, vina hesabu ngumu zaidi kidogo. Mtindo huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na umeenea Afrika nzima. Tanzania una ndugu yake anayeitwa VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba wanayoipanga wenyewe, na mwisho wa mwaka hugawana kila kitu. Riba ya asilimia 5 kwa mwezi inasikika kali, na ukiilinganisha na benki ni kali kweli. Lakini inarudi kwenu. Kama wote mna hisa sawa na mnakopa sawa, hiyo ni pesa inayozunguka chumbani. Anayeumia ni mwenye hisa mbili anayekopa kila mara, kwa sababu analipia mgao wa mwenzake mwenye hisa ishirini asiyekopa kabisa. Ukiwa wewe ni yule wa pili, usiwaambie watu nimeandika hivi.

Tuje kwenye friza ya shilingi 50,000, ambako maneno ya matangazo hupotosha zaidi.

Chukua SACCO, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, kiwango cha kawaida kwa vyama hivyo Kenya. Ukirudisha sehemu sawa ya mkopo kila mwezi kwa miezi 12, riba yote ni shilingi 3,250. Sasa chukua mkopeshaji mwingine anayetangaza asilimia 1.5 kwa mwezi. Afisa mikopo atakwambia, "Mama, tofauti ni nusu asilimia tu." Ila yake inahesabiwa juu ya 50,000 nzima mpaka mwisho, hata mwezi wa kumi na mbili ambapo deni lililobaki halifiki 5,000. Riba ni 9,000. Ukiigeuza iwe juu ya salio kama ya SACCO, ni karibu asilimia 32 kwa mwaka. Nusu asilimia iliyotajwa kaunta imekuwa karibu mara tatu ya gharama.

Na hapo bado hatujagusa makato. Weka mfano wa ada ya maombi ya asilimia 2, bima ya mkopo asilimia 1, na akiba ya lazima asilimia 10. Ukisaini 50,000 unaondoka na 43,500, na riba inaendelea kuhesabiwa juu ya 50,000. Friza haipunguzwi bei kwa sababu wewe umekatwa. Wengi hujaza pengo hilo kwa Fuliza, na mkopo wa pili unazaliwa siku ileile ya mkopo wa kwanza.

Kwa nini basi kila mtu asiende SACCO? Kwa sababu kwanza lazima uweke akiba kwa miezi kadhaa, mkopo mara nyingi hauzidi mara tatu ya akiba yako, na wadhamini wanatakiwa wawe wanachama wenye akiba ambayo haijafungwa na deni la mtu mwingine. Kwa 50,000 unahitaji kuwa na kama 17,000 zimetulia. Mwenyeji anaweza kupata shemeji mwalimu wa kumdhamini. Mkimbizi anawajua wakimbizi wenzake.

Taasisi za mikopo midogo zilibuni kikundi ili kuliondoa tatizo hilo la dhamana. Muhammad Yunus alianza kukopesha wanawake wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, na benki ya Grameen aliyoianzisha ikashiriki naye tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Kenya, mtindo wa vikundi ulipata makao kwa taasisi kama KWFT, ambayo ilianza kama mfuko wa wanawake mwaka 1981. Mnadhaminiana, mnakutana, mnalipa pamoja. Asiyelipa analipiwa na wenzake, na hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye karatasi yoyote. Muda nao una bei. Mkutano wa saa mbili kila wiki ni saa mia kwa mwaka, na kwa muuza chai saa hizo huangukia wakati wateja wanapotaka chai. Faida yake ni kwamba benki haikuulizi hati ya shamba.

Kwa miaka mingi wakopeshaji waliwakwepa wakimbizi kwa sababu moja waliyoisema waziwazi: watatoroka. Data ikawaumbua. Kiva, jukwaa la Marekani lililoanza mwaka 2005 ambalo hukusanya dola 25 hapa na 25 pale kutoka kwa watu wa kawaida, limekopesha wakimbizi wa nchi kadhaa kupitia mfuko wake maalumu, na marejesho yao yamekaribiana sana na ya wakopaji wengine. Nchini Uganda, ambako sheria ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, taasisi ya UGAFODE ilifungua tawi ndani ya makazi ya Nakivale mwaka 2020. Haikuruka kwenye giza. Taasisi ya Grameen Crédit Agricole iliiletea mtaji, shirika la misaada la Sweden likabeba sehemu ya hatari kwa dhamana, na UNHCR likachangia gharama za maandalizi. Hapo pana somo kwa mnunuzi: mkopo wa mkimbizi ukiwa nafuu, kuna mtu wa tatu anayelipia tofauti. Uliza dhamana yake inaisha lini, kwa kuwa mkopo wako wa pili huenda ukaangukia baada ya tarehe hiyo.

Neno moja kuhusu Kiva, kwa kuwa linachanganya watu. Anayechangia Marekani hapati riba, na watu hufikiri mkopaji naye halipi. Mara nyingi analipa, kwa taasisi ya hapa inayomtafuta, kumkagua na kumfuata. Ni haki atozwe gharama hizo. Ni haki yake pia kuambiwa.

Kakuma yenyewe sasa ina machaguo zaidi kuliko miaka kumi iliyopita. Equity Bank ina tawi mjini. Inkomoko, iliyoanzia Rwanda na kuingia Kenya baada ya kufanya kazi na wakimbizi huko, humpitisha mfanyabiashara kwenye mafunzo na ushauri kabla ya kumkopesha. Mfuko wa ushindani wa Kakuma na Kalobeyei, wa Shirika la Fedha la Kimataifa na AECF, nao umetoa ruzuku kwa biashara zilizoshinda, za wenyeji na za wakimbizi. Ruzuku hairudishwi, na ndiyo maana foleni yake huwa ndefu na fomu zake nene. Mwenye kibanda asiye na vitabu vya hesabu asipoteze miezi huko. Kwanza ajifunze kuandika mauzo, na hapo ndipo mkopo wenye mafunzo unapostahili bei yake hata ukiwa ghali kuliko SACCO. Siku za darasani zina gharama ya duka lililofungwa, lakini angalau zinabaki kichwani. Majaribio sita ya kitaalamu katika nchi sita, yaliyochapishwa pamoja mwaka 2015, yaligundua kwamba mkopo mdogo peke yake huongeza uhuru wa kuchagua na biashara kidogo, na kwa wastani hauwatoi watu kwenye umaskini. Wauza mikopo hawaipendi sana taarifa hiyo.

Kwa Waislamu wasiotaka riba, Eastleigh, mtaa wa Nairobi, iko mbele ya Kakuma. Benki za Kiislamu zimekuwapo Kenya tangu mwaka 2008. Katika murabaha benki inanunua friza kwa 50,000 na kukuuzia kwa, tuseme, 58,000 kwa awamu. Zile 8,000 hazibadiliki hata ukichelewa, na bei yote inajulikana tangu siku ya kwanza. Wapo wasio Waislamu ambao wangeupenda uwazi huo. Angalia tu kwamba ukilipa mapema huenda usirudishiwe kitu, kwa hiyo uliza mwanzoni kama kuna msamaha.

Kuna gharama ya mwisho ambayo hakuna mkopeshaji anayeweza kuipunguza. Friza inauzwa Nairobi kwa bei ya Nairobi. Mwenyeji anapanda basi. Mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini, na kikichelewa anamtuma dalali. Dalali akichukua asilimia 10, hizo ni shilingi 5,000, zaidi ya riba yote ya mwaka mzima ya SACCO tuliyoihesabu. Serikali ilizindua Mpango wa Shirika Machi 2025 kwa nia ya kugeuza kambi ziwe miji ya kawaida ya wakimbizi na wenyeji. Kwa mwenye kibanda, kipimo cha mpango huo kitakuwa kama anaweza kwenda kununua friza yake mwenyewe.

Mpaka hapo, ningemwambia mwenyeji akope bidhaa za wiki mbili Hustler Fund mpaka kikomo chake kinapoishia, na friza SACCO, aanze akiba leo. Jirani yake ningemwambia ajaze rafu kwa likelemba, akomboe kadi yake dukani kabla ya kukopa kwingine kokote, na friza aitafutie mkopo wenye ushauri, wa riba juu ya salio. Wote wawili, kabla ya kusaini, waombe jedwali la malipo lenye kila shilingi: inayoingia mkononi, inayokatwa, inayolipwa kila mwezi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali waeleze ada zote mapema na zinawakataza kutisha wadaiwa au kupigia simu jamaa zao. Afisa wa tawi naye hana sababu ya kukataa. Jedwali likija, tazama mstari wa mwezi wa kumi na mbili. Kama riba ya mwezi huo ni sawa na ya mwezi wa kwanza, ujue inahesabiwa juu ya mkopo wote, na uanze kubembeleza bei kama unavyofanya kwa sukari.